Tembe Lililokatazwa Kukandikwa

Siku ya kwanza kazini nilikuwa na miaka hamsini, nimetolewa ualimu nikafanywa mlinzi wa majengo ya kale. Afisa Utamaduni wa wilaya, kijana kwangu, alinikabidhi pikipiki na bango la bati: URITHI, USIGUSE.

"Mzee wangu, ukiongeza kitu umeharibu, ukipunguza umeharibu. Liache lilivyo."

Niliipenda sheria ile kwa sababu ilikuwa nyepesi.

Bango nililisimika kijijini upande wa Mgori, kwenye tembe la Bibi Mwajuma. Ninyi mliozaliwa chini ya bati niwaeleze: tembe ni nyumba ya miti na udongo, paa lake bapa, juu limeshindiliwa udongo wa kichuguu. Baba mkwe wa bibi ndiye aliyelijenga, na jirani hapo halikubaki jingine.

Mawingu yalipoanza kukusanyika nilimkuta bibi na wakwe zake wakikanyaga udongo na samadi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Tunakandika paa, kama kila mwaka."

"Bibi, hairuhusiwi. Ngoja kwanza niandike barua mkoani."

"Na mvua nayo utaiandikia?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Bibi akanawa miguu, akawaambia wenzake waache.

Jibu lilikuja: suala lako linashughulikiwa. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ya nne, bibi akiwa kisimani, paa likaporomoka lote. Nilipofika, bango lilikuwa limesimama wima kabisa. Nililia mbele za watu.

Baadaye nilihamishiwa mkoani. Mhifadhi Mkuu wa huko alitufundisha kwamba jengo la udongo lisipokandikwa hufa. Aliyemrithi akasema ukilikandika kila mwaka, la kale liko wapi tena? Wote wasomi, wote niliwapigia makofi, na hadi leo sijui nani alikuwa sahihi.

Sasa nimestaafu. Juzi nilikwenda kumwomba radhi Bibi Mwajuma, anaishi kwa mwanawe, nyumba ya bati. Alinipa uji kwanza.

"Nilikutii kwa sababu ulikuja na karatasi," alisema. "Sikulaumu. Ila kuna jambo linanitatiza, mwanangu. Nyumba ilikuwa ya nani, hata nikangoja ruhusa yako wewe?"

Niliunywa uji mpaka ukaisha. Bibi alikuwa bado ananitazama, anangoja.