Dada Asiyechuchumaa

Kwetu Ufipa mwanamke akimwamkia mkubwa huchuchumaa, akapiga makofi taratibu. Dada yangu aliacha kuchuchumaa baada ya kujifungua kitindamimba wake. Akawa anatoa shikamoo amesimama wima kama mwalimu wa zamu. Shangazi yetu wa Mwimbi akasema kiburi kimempanda kichwani. Nami, niliyekuwa narudi nyumbani kila nilipochoka kutangatanga, nikakubaliana naye.

Ukweli nimeujua mwaka huu, tena kwa sababu alihitaji wa kumsindikiza hospitali Sumbawanga. Watafiti walikuwa wanawaita watu wanaoshindwa kuzuia haja kubwa, wawasikilize kabla ya kuanza utafiti wao.

"Ningemchuchumalia shangazi," akaniambia, "angepata salamu na nyongeza."

Sikujua kama ni halali kucheka. Akaanza yeye.

Ndani ya basi kutoka Laela aliendelea kunichokoza. "Wewe mzururaji unajua miji. Mimi najua vyoo. Niulize kipi hakina mlango." Lakini mkoba wenye kanga za akiba aliukumbatia kwa mikono miwili. Aliogopa asije akanyamaza huko pia, kama alivyonyamaza miaka tisa.

Katika chumba cha hospitali tulikuta watu saba. Nesi alisoma maswali kwenye karatasi: mara ngapi kwa wiki, laini au ngumu. Watu wakaijibu sakafu. Zamu ya dada ilipofika, alizidi kuukumbatia mkoba hadi nikamgusa kiwiko.

"Nesi, mwanangu," akasema, "unauliza habari za choo tu. Mbona hutuulizi tumeacha kwenda wapi?"

Mzee mmoja mwenye koti zito akakohoa. Yeye, akasema, ameacha kanisa. Mama wa pembeni yake ameacha harusi, hata ya binti yake.

"Na wewe, mama?" nesi akauliza.

"Mwimbi, kwa shangazi yangu."

Nesi aliliandika swali lile juu kabisa ya karatasi, akamwomba dada arudi mwezi ujao wapange upya maswali yaliyobaki.

Jumapili tukaenda Mwimbi. Dada akamwamkia shangazi amesimama, kisha akaeleza yote hapo hapo mlangoni. Shangazi alisikiliza hadi mwisho.

"Miaka yote hii nimekusema bure," akasema. "Na huyu ndugu yako alikuwa ananisaidia."

Akamshika mkono, akamwonyesha choo kwanza. Kiti kikafuata.