Nati Chini ya Vifuniko

Mimi ni mwoga, bora niseme mapema. Nyoka simwogopi, wala giza. Naogopa kuulizwa. Mtu akinikazia macho akaniuliza jambo, mdomo wangu hutoa jibu la kumridhisha, akili inafika baadaye ikihema. Hivyo ndivyo nilivyomjibu baba aliponiuliza habari za nati.

Gari lilikuwa lake. Pikapu ya Kifaransa yenye pua ndefu, rangi ya maziwa, aliyoinunua zamani korosho zilipokuwa na heshima. Halafu ikaja miaka ya uhaba. Tela la kijiji likaazima ringi zake nne na halikuzirudisha, na pikapu ikabaki imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu kule Newala, mama akianikia makopa ya muhogo kwenye bodi. Kitu kimoja tu baba hakukubali kiguswe, vile vifuniko vinne vya magurudumu, vya chuma cheupe, vya mviringo, vilivyovimba katikati. Alivifunga kwenye kanga kuukuu akavisukuma chini ya kitanda. Kila Pasaka alivitoa, akavisugua kwa majivu na ndimu, akajitazama humo, akavirudisha.

Ilipofika miaka ya ruksa, kila kitu kikawa kinauzwa. Masasi ilijaa mitumba, wanunuzi wa korosho wenye malori yao, na pikapu za Kijapani zilizotumika huko kwao zikaja kumalizia uzee kwetu. Mimi nilikuwa fundi, na karakana yangu ilikuwa turubai mbili pembeni mwa barabara pale Masasi. Baba akaniita Newala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Macho yangu yanaanza kuniaga," alisema. "Nataka kuliendesha kabla hayajaondoka. Lakini liwe kama lilivyokuwa. Usiniletee hizo ringi zenu za siku hizi. Vifuniko vyangu haviingii humo."

Ni kweli haviingii. Nikaanza kutafuta ringi za zamani kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Mbili nilizikuta hapohapo Newala, kwenye mkokoteni wa mwuza maji, zimebeba mapipa. Nikampa ringi mbili za Kijapani na matairi yake mazuri, akazipokea haraka kabla sijapata fahamu. Mbili nyingine nilizichimbua Masasi nyuma ya ghala lililoezuliwa paa. Injini niliifungua yote, breki nikazifanya upya, bodi nikaipiga puti na rangi. Kazi ile niliifanya vizuri, na hata leo sioni haya kuisema.

Nati ndizo zilizonishinda. Zilitakiwa ishirini, tano kila gurudumu, na nilipata kumi na tano. Nati za gari lile ni za mviringo upande wa ndani, zinakaa kwenye tundu la ringi kama yai kwenye kikombe. Za Kijapani zimechongoka kama pia ya kuchezea. Meno ya ndani yanalingana, zinaingia, unakaza, unaona zimekaza. Ila zinashika ukingo tu wa tundu, na gari likitikisika sana zinaanza kujifungua zenyewe. Fundi yeyote anajua. Mimi pia nilijua.

Na nilijua pia zilikokuwa nati tano za kweli. Kule Lupaso, kwa mzee mmoja wa Kimakua, palikuwa na pikapu mfu ya aina ileile, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ringi zake zilikwisha kuliwa na kutu, lakini nati zilikuwepo, nimeziona kwa macho yangu. Tatizo ni kwamba mzee yule alikuwa mtani wetu, mtani wa ukoo hasa, wa kuzikana. Na mtani ukimwendea na shida umekwisha. Atakupa, ndiyo, lakini atakuimba katika kila msiba na kila harusi mpaka wajukuu wako wajue kwamba uliwahi kupiga magoti mbele ya banda la kuku ukiomba nati. Nilipanda basi mpaka Lupaso mara moja. Niliposhuka nikamwona kwa mbali amekaa na wenzake, wanacheka. Nikanywa maji dukani, nikarudi Masasi na basi lilelile.

Basi nikafunga nati tano za Kijapani kwenye gurudumu la nyuma, kushoto. Nikapachika kifuniko juu yake kwa kiganja, kikaita "ta!", kikakaa. Hakuna kitu kilichoonekana. Nilijiona jinsi nilivyovimba kwenye kile chuma, uso mpana, macho madogo.

Nililipeleka Newala. Baba alilizunguka mara tatu. Kisha akachuchumaa mbele ya gurudumu moja, akagusa kifuniko kwa kucha.

"Nati je? Ni zenyewe?"

"Zenyewe, baba."

"Zote?"

"Zote."

Akanishika bega. Hakuwa mtu wa kushika watu mabega. Afadhali angenipiga kofi.

Nikajiambia nitazibadilisha polepole, nitatafuta Mtwara, nitatafuta Lindi. Hapa mjini anakwenda sokoni na kanisani tu, barabara ni tambarare. Siku ya nne zikaja habari kwamba shangazi yetu aliyeolewa Lupaso amefariki, na baba akasema tunakwenda kwa gari letu na yeye ndiye anayeendesha.

Kutoka Newala kwenda huko lazima ushuke kutoka uwanda wa juu. Anayeujua mteremko ule hahitaji kuelezwa. Barabara wakati huo ilikuwa ya udongo, mifereji imeila pembeni, na upande mmoja kuna hewa tupu. Mbele alikaa baba na mama. Nyuma kwenye bodi tulikaa mimi, mama zangu wadogo wawili, gunia la unga wa muhogo na kuku wawili wa msiba. Nilijichagulia mahali juu ya gurudumu la nyuma, kushoto. Nilitaka kulisikia.

Mpaka kijiji cha Mkunya, bado tukiwa juu uwandani, palikuwa kimya. Nikaanza kupumua. Tulipoanza kuinamia mteremko nikasikia chini yangu kitu kama punje ya hindi kwenye kibuyu. Ka. Ka-ka. Nikasema ni kokoto. Kokoto huingia kwenye vifuniko, sikudanganyi, huingia. Mama wadogo walikuwa wanaimba tenzi za msiba na sauti ikapotea, wakivuta pumzi inarudi. Ka-ka-ka. Jasho likanitoka mgongoni, na upepo wa uwanda unavyojulikana kwa baridi. Nilihesabu ninavyoweza kufanya. Nigonge paa la gari, baba asimame, nifungue kifuniko, aone. Au ninyamaze, tufike chini. Mkono wangu uliinuka kabisa mpaka karibu na paa. Kupitia kioo cha nyuma niliona kisogo chake, kofia yake ya zamani ya udereva, na kwenye kioo kidogo cha mbele niliona anatabasamu. Mzee wa watu anashuka mteremko kwa gia ya pili na anatabasamu. Mkono ukashuka.

Nisieleweke vibaya. Niliogopa kwamba watakufa. Niliona gurudumu likitangulia peke yake bondeni, niliona gari likilala ubavu, nilimwona mama. Niliona yote hayo waziwazi, na bado niliogopa zaidi kuulizwa. Mpaka leo sijui mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Tulifika chini. Masasi baba alisimama kusalimia watu, nami nikaruka chini, bisibisi mfukoni, nikachutama kwenye gurudumu. Kifuniko kilikuwa cha moto. Nilikwisha kuingiza ncha ya bisibisi ukingoni niliposikia viatu vyake.

"Unatafuta nini?"

"Natazama upepo, baba."

"Upepo nimeutazama mimi alfajiri. Panda, watazika bila sisi."

Nikapanda. Kipande kilichobaki mpaka Lupaso sikumbuki nyumba wala miti, nakumbuka mlio tu. Sasa haukuwa punje moja. Mama mdogo mmoja akaacha kuimba, akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimeshika ubao wa bodi kwa mikono miwili, midomo imenikauka. Nikamwambia ni msiba.

Shangazi alizikwa mchana ule. Watani walifanya kazi yao kama inavyotakiwa. Walichimba kaburi, na walipomaliza mmoja akalala ndani akakataa kutoka mpaka apewe kitoweo. Mwingine akajifunga kanga ya marehemu, akawa anatembea kama yeye, akitugombeza kwa sauti yake, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka na waliokuwa wakicheka wakalia. Mzee mwenye ile pikapu ya kuku ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Nilijificha nyuma ya watu.

Tuliporudi kutoka makaburini aliliona gari la baba.

"Ahaa! Wamakonde wamekuja na sahani zao!" akapiga kelele. "Tunakula msiba kwenye majani, wao wamefunika magurudumu kwa sahani za fedha! Zileteni!"

Mtani akikamata kitu chako msibani huna la kufanya, utakikomboa. Baba alijua, na alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Wakachukua ncha ya jembe, wakabandua kifuniko cha mbele kulia. Pa! Wakabandua cha nyuma yake. Wakazunguka, wakabandua cha mbele kushoto. Wanawake wanapiga vigelegele, mtu anakivaa kichwani. Yule mzee mwenyewe akainama kwenye cha nne, akaingiza jembe.

Kifuniko kilitoka na nati tatu zikamwagika mchangani.

Mbili zilizobaki zilikuwa zimening'inia kwenye meno ya mwisho. Mzee alilisukuma gurudumu kwa goti, likacheza kama jino la mtoto. Alikuwa na kicheko mdomoni, kikaondoka. Kelele zikaanza kufa mbele, halafu nyuma. Mama alikaa chini palepale alipokuwa.

Baba aliokota nati moja. Akaipangusa mchanga kwenye suruali, akaigeuza vidoleni, akaichungulia kwa karibu kwa macho yake yale. Hakuhitaji muda mrefu.

"Hizi si zangu," alisema.

Hakuniuliza. Nilingoja aniulize.

Mzee wa Kimakua ndiye aliyenigeukia, na hakuwa anatania. "Wewe si ulikuja hapa mwezi ule? Nilikuona pale dukani. Nikasema mtani anakuja kwangu. Nati mimi ninazo, kuku wananitagia juu yake. Kwa nini hukuja?"

"Niliogopa mtanicheka," nilisema. Ndilo jibu la kweli pekee nililotoa mwaka ule.

"Tungekucheka," alisema. "Sana."

Wakazileta nati tano kutoka kwenye gari la kuku, zimeshika kutu na kinyesi. Baba alizisafisha kwa mafuta ya taa. Nilimnyooshea spana ya magurudumu, akaipokea, na nilipochuchumaa nishike gurudumu akaniondoa kwa kiwiko, polepole, kama unavyomwondoa mbuzi. Alikaza mwenyewe, mzee wa miaka ile, akisimama juu ya spana kwa uzito wake wote. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Ukaja wakati wa ukombozi. Watani walikuwa wameshika vifuniko na hawajui kama wacheke au wavitoe bure. Baba akatazama kuku wawili tuliokuja nao, kisha akanitazama mimi.

"Vifuniko nipeni," aliwaambia. "Huyu bakini naye."

Wakaangua kicheko, maana palikuwa pamehitaji kicheko. Hata mimi nilicheka. Ni utani, na utani haujibiwi. Nikaweka mguu kwenye bampa ili nipande, na gari likaondoka. Nilidhani atasimama mbele kidogo, atanichezea mara moja, nimkimbilie. Mama aligeuza kichwa akanitazama mpaka kona. Nilisimama barabarani nikisikiliza gurudumu la nyuma, kushoto. Halikuwa na mlio wowote.

"Twende ukale, mateka," mzee akaniambia nyuma yangu, kwa upole.

Nilikaa Lupaso siku tisa. Niliporudi Newala baba aliitikia shikamoo yangu vizuri, akanikaribisha chakula, akanieleza habari za mvua. Gari aliliendesha miaka mitatu zaidi, mpaka macho yalipomuaga kabisa, na lilipoharibika aliniletea nami nililitengeneza. Lakini kila liliporudi kutoka mkononi mwangu alileta kigoda, akabandua vifuniko vyote vinne kimoja kimoja, akapapasa nati ishirini kwa kidole gumba, akavirudisha. Mimi nilisimama pembeni na jibu langu tayari, la kweli safari hii, zenyewe baba, zote. Hakuniuliza tena.