Aliapa Kutoua, Mjusi Wake Akataka Nyenje

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hajavaa glavu zake za kazi, Tu Pi-yun anapiga magoti kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne. Mkono wa kushoto ana kopo la nyenje, mkono wa kulia ana vijiti vya kulia chakula. Anambana nyenje mmoja, anamchovya kwenye unga mweupe wa madini ya mifupa, kisha anafumba macho na kulitaja jina la Buddha.

"Samahani, mdogo wangu," anamwambia nyenje. "Safari njema."

Juu ya gogo, mjusi mrefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidoleni anainua kichwa. Kufumba na kufumbua, nyenje hayupo.

Pi-yun ana umri wa miaka 58, na kwa miaka kumi na tisa hajaonja nyama wala samaki. Hata kitunguu hali. Mbu akimtua mkononi humpuliza aende zake. Majirani zake hapa mjini Chiayi wakimwona na kopo la wadudu hucheka mpaka wakashika mbavu, naye hucheka nao, maana anajua wanachokicheka.

Mjusi anaitwa A-To, yaani udongo, kwa ajili ya rangi yake. Ni wa ile jamii ya Australia inayoitwa mjusi mwenye ndevu, kwa sababu ya miba laini iliyomzunguka kidevu. Asubuhi hii mizani inasema gramu 412. Siku alipookotwa alikuwa na gramu 94, na kila aliyemwona alisema huyu ni wa kuzikwa.

Kazi ya Pi-yun ni kusafisha vyumba vya kupanga vya wanafunzi. Kila chumba analipwa dola 900 za hapa, ngazi anapanda kwa miguu, na vumbi analimeza bure. Mpangaji akihama huacha nyuma chochote asichotaka kubeba: magodoro, magitaa yasiyo na nyuzi, sufuria zenye ukungu. Juni mwaka jana, katika chumba kimoja cha ghorofa ya tano, mpangaji aliacha kasha la kioo lililofunikwa kwa fulana. Taa yake ilikuwa imeungua. Ndani mlikuwa na jani moja la saladi lililokauka likawa kama karatasi, na mjusi.

"Nilidhani amekufa," anasema. "Nilipomgusa akafungua jicho. Moja tu, kama mtu uliyemkatiza usingizi. Nikamwambia, haya, wewe unakwenda na mimi."

Mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwa simu amtie kwenye mfuko wa taka. Gari la taka lilikuwa tayari linasikika kwa muziki wake mtaa wa pili. Pi-yun alishusha mifuko mingine yote, akaipakia, akarudi juu kuchukua kasha.

Alimtunza kwa moyo wote, na kwa moyo wote nusura amuue. Alimweka nyuma ya dirisha la jikoni ili aote jua, bila kujua kwamba kioo huizuia miale ile ambayo mjusi anaihitaji. Chakula alimpa kile kile anachokula mwenyewe: tofu, boga, matembele ya kuchemsha. A-To alilamba kidogo, akalala. Wiki ya tatu miguu ya nyuma ilianza kuburuzika, na taya likawa laini, ukilibonyeza kwa kidole linabonyea.

"Chakula hicho ndicho kilichoniponya vidonda vyangu vya tumbo," anasema. "Nikadhani kila kiumbe kikila kama mimi kitapona kama mimi. Ujinga una raha yake."

Wanawake wenzake wa hekaluni, ambao huitana dada, walimpa ushauri. Wao hukutana kila mwezi mpevu, wakanunua samaki na ndege walio hai, wakaenda kuwaachia huru bwawani ili wapate thawabu. Dada, wakamwambia, huyo mjusi anateseka, mlete naye aende zake. Tuseme ukweli hapa, maana wengi wetu tumesimama kwenye foleni hiyo: desturi hii ina watu wema wengi, na samaki wengi wanaoelea tumbo juu siku ya pili yake.

Pi-yun alimbeba A-To ndani ya kikapu cha mboga, yeye mwenyewe akiwa amevaa joho lake jeusi la ibada. Sala zikasomwa, ndoo za samaki zikamiminwa. Akamweka mjusi kwenye nyasi. Mjusi akabaki pale pale. Mmoja wao, Hsiu-luan, mwanamke mwenye sauti inayofika kabla yake, akasema anatoa shukrani, ndiyo maana haondoki.

"Nikaangalia vidole vyake, vinatetemeka," Pi-yun anakumbuka. "Nikasema moyoni, huyu hashukuru. Huyu hawezi kutembea. Mwenye nyumba aliniambia nimtupe, nikamwona hana utu. Na mimi nilikuja kumtupa vile vile, tofauti ni joho tu."

Alimrudisha kikapuni mbele ya watu wote, akapanda basi na joho lake mwilini, akaenda moja kwa moja kliniki.

Dakta Yeh Han-yu, ambaye hutibu kasa, kasuku na kila kinachokataliwa kwingine, alimpiga A-To picha ya eksirei. Mifupa ilionekana kwa shida, kana kwamba picha imepigwa ndani ya moshi. Alieleza yanayotakiwa: taa maalumu ya miale, dawa ya mifupa kwa bomba la sindano asubuhi na jioni, maji ya uvuguvugu ya kumwogeshea. Na wadudu walio hai, kila siku, kwa sababu mjusi aliyedhoofu hivyo hali kisichotembea.

Taa peke yake ilikuwa ujira wa vyumba viwili. Pi-yun hakubisha. Dawa nayo hakubisha. Alipofika kwenye wadudu akamshika daktari mkono.

"Mwanangu, hakuna kidonge?"

"Hakuna kidonge, mama. Bila wadudu, mwezi ujao hatutaonana."

Ili uelewe kwa nini alitoka pale analia, lazima urudi nyuma miaka kumi na tisa. Mumewe, Kuo Chin-tsai, alikuwa fundi mwashi. Siku moja alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya tatu, akalala siku kumi na moja bila kujitambua. Pi-yun alisimama kwenye korido ya hospitali, akaapa: niachie huyu, nami sitaua kitu wala sitakula kilichouawa. Siku ya kumi na mbili Mzee Kuo alifungua macho, akaomba wali wa bata mzinga. Mkewe alikwenda kumnunulia, na yeye mwenyewe tangu siku ile hajaonja tena.

Kwake yeye, uhai wa mume na kile kiapo vimefungwa kwa kamba moja. Ukikata upande huu, nani ajuaye kitakachoanguka upande wa pili?

Mzee Kuo, anayetafuna tambuu mchana kutwa na ambaye hekaluni huenda kwa ajili ya supu, aliona jambo hili ni jepesi. "Mimi sikuapa chochote," alimwambia mkewe. "Nilikuwa nimelala." Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyechuchumaa kibarazani na nyenje, huku mkewe akigeukia ukuta na kusoma sala. Katika wiki sita A-To alifika gramu 140. Akaanza kunyanyua kichwa.

Habari ilifika hekaluni, kama habari zote. Hsiu-luan alimngoja wakati wa kumenya mboga. "Kwa hiyo, dada, wewe huui," alisema. "Umeajiri mchinjaji."

"Iliniuma," Pi-yun anasema. "Ingekuwa uongo isingeniuma."

Agosti, Mzee Kuo alikwenda Taitung kumwona dada yake. Kimbunga kikaingia nyuma yake, mlima ukamwagikia reli, treni zikasimama. Siku ya kwanza A-To hakula. Siku ya pili alikaa kwenye gogo akiutazama mlango wa kibaraza, anakotokea mzee. Dakta Yeh, kwa simu, alionya kwamba kwa uzito ule, na dawa zile, siku ya tatu isipite kabla hajala.

Kopo la nyenje lilikuwa mezani. Pi-yun alimpigia mumewe.

"Mzee, nikilifungua hili kopo, halafu likakupata la kukupata huko?"

Upande wa pili mvua ilikuwa inapiga.

"Mama, nisikilize," akasema Mzee Kuo. "Kama kuna aliyenishika siku ile nisife, hawezi kuniachia leo kwa ajili ya nyenje. Mlishe huyo mtoto. Mimi hapa nakula wali wa dada yangu, chumvi imezidi, na hiyo ndiyo hatari pekee niliyo nayo."

Nyenje wa kwanza alimponyoka akakimbilia chini ya friji. Wa pili aliangukia kwenye beseni la vyombo. Wa tatu, A-To alimla.

"Nililia sana," anasema, na hata sasa macho yanamlengalenga. "Kisha nikamwombea yule nyenje, nikachukua mwingine. Siku ile alikula kumi na wanne. Niliwahesabu wote, ili siku nikiulizwa huko mbele nisije nikadanganya."

Usiku ule hakulala, aliitegea sikio simu. Simu haikulia. Siku ya sita Mzee Kuo aliingia mlangoni na mfuko wa matopetope na mafua, mzima wa afya, akilalamika kwamba hakuna aliyempokea mzigo. Mkewe alimshika mabega, akamkagua mbele na nyuma kama nguo ya sokoni, ndipo akampikia uji.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumnyang'anya vile vijiti. Oktoba eksirei ilionyesha mifupa myeupe, imenyooka, na Dakta Yeh akaita kliniki nzima ije kutazama. Desemba A-To alipanda gogo peke yake, akajiona kwenye kioo, ndevu zikamgeuka nyeusi tii kwa hasira. Mzee Kuo alipiga makofi mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Hekaluni, Pi-yun alisimama wakati wa chakula akasema mwenyewe, mbele ya wote, kwamba anaua nyenje kila asubuhi na ataendelea. Hsiu-luan hakumsemesha mwezi mzima. Kisha asubuhi moja alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne akihema, akamkabidhi fungu la majani ya mforsadi. "Majani hayana kosa," alisema, akakaa kunywa chai. Siku hizi wale dada hawamwachii mnyama yeyote bila kumpigia Dakta Yeh kwanza. Na wenye nyumba wakikuta kiumbe kimeachwa, namba ya Pi-yun ndiyo wanayoitafuta. Kasa wawili wameshapata kwao kwa njia hiyo.

Je, kiapo kimevunjika? Analifikiria swali hilo huku akifuta vijiti.

"Nimekivunja," anasema. "Sitafuti maneno ya kukipaka rangi. Nikifika huko nitajibu mwenyewe, na nitasema niliwaua nikiwa macho, mmoja mmoja, kwa hesabu. Lakini mjusi yuko hai, na mume wangu yuko hai. Nimeshukuru kwa vyote viwili."

Sasa kilichobaki ni hesabu ya umri. Dakta Yeh amewaambia kwamba A-To ana kama miaka mitatu, na akitunzwa vizuri anaweza kufika kumi na miwili. Pi-yun atakuwa na sitini na saba. Mzee Kuo, mwenye presha na kifua kinachombana akipanda ngazi, atakuwa na sabini na mbili. Wamekaa kitako wakakubaliana kwamba katika nyumba hii hafi mtu kabla ya mjusi.

Jumatatu Mzee Kuo anakwenda hospitali kupima moyo, kipimo alichokikwepa kwa miaka sita. Fomu ameijaza mwenyewe kwa mwandiko wake wa kifundi. Penye swali la sababu ya kuja, ameandika: nina mjusi wa kulisha.