Rais Aliyemliza Baba

Mwaka 1964 tulipotoka Unguja kuja Maskati, kila mtu aliruhusiwa kubeba kifurushi kimoja. Mama alitaka kuchukua cherehani yake. Baba akasema ni nzito, kisha yeye mwenyewe akatia katikati ya nguo zake kitabu kinene kama tofali: maisha ya rais mmoja wa Marekani, kwa Kiingereza. Mama hakulisahau jambo hilo mpaka anaingia kaburini, na mimi simlaumu.

Unguja Baba alikuwa mwalimu mkuu. Huku Matrah, mji wa bandari ubavuni mwa Maskati, akawa karani wa mfanyabiashara wa Kihindi, anamwandikia barua za Bombay. Tulikaa chumba cha juu katika nyumba ya ami yangu, kaka yake Baba, ambaye hakupata kutoka Oman wala hakujua Kiswahili hata neno. Tulikuwa wageni wasioondoka, na tulikumbushwa hivyo kila siku, kwa milango iliyobamizwa na chakula kilichopanda ngazi kimeshapoa.

Mwaka wa pili macho ya Baba yakaanza kuharibika. Ulikuwa ugonjwa ulioenea mji mzima; kope zinageukia ndani na kuikwaruza mboni. Ukarani ukamshinda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na skuli ya wasichana haikuwepo, basi kila baada ya sala ya alasiri Baba ananiita nimsomee kitabu chake. Nilianza kwa kusoma neno moja moja, naye ananitafsiria. Mwaka ulipopinda nilikuwa nasoma ukurasa mzima bila ya kukwama.

"Rudia hapo alipojifundisha peke yake," huniambia.

Narudia.

"Umesikia? Mtoto wa fukara, hana mwalimu, hana skuli. Kitabu kimoja anakisoma mara kumi. Na nani alimzuia? Hapana mtu!"

Nilimpenda mtu yule kwa sababu Baba alimpenda. Nikawa najiona ndani ya kile kitabu.

Kaka yangu alipopelekwa Kuwait kusoma, nilimfuata Baba juu ya dari alipokuwa amekaa.

"Baba, na mimi je?"

"Wewe ami yako amekuposea mwanawe. Nimeshakubali."

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mwana wa ami alikuwa na thalathini.

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Tunakula kwake, tunalala kwake. Nimwambie hapana, twende wapi?"

"Na yule rais wako? Si ulisema hakuna aliyemzuia?"

Alipapasa mkeka kama aliyepoteza kitu. "Yule alikuwa mwanamme," akasema.

Siku ya harusi Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba alikaa na wanaume, anakunywa kahawa, anaitikia dua. Hakutoa chozi.

Hata wiki haijesha, Baba akatuma niitwe huko chini kwa mume wangu. Sura ya mwisho ilikuwa imebaki. Nikapanda, nikakaa nikasoma namna rais yule alivyokufa na watu walivyosimama njiani jeneza likipita. Niliponyanyua uso, Baba analia. Machozi yanachuruzika katika zile kope mbovu mpaka kwenye ndevu.

"Maskini," anasema. "Maskini mtu yule."

"Baba, huyu umemlilia."

"Alikuwa mtu mwema, mwanangu."

"Mimi juzi nimeolewa. Hukunililia."

Nikafunga kitabu, nikashuka. Hakuniita tena kusoma, na mimi sikujitolea. Miaka mitatu tuliishi chini ya paa moja. Nampelekea sahani, namshika mkono naugusisha na wali, naondoka.

Mwaka 1970 nchi ikapata Sultani mpya na skuli zikaanza kufunguliwa, hata za wasichana. Walimu hawapatikani. Wakaja wageni wawili wa serikali kumtafuta Baba, wamesikia alikuwa mwalimu mkuu Unguja. Wakamkuta haoni kabisa. Wakanywa kahawa kwa heshima, wakaanza kuaga. Mimi nipo nyuma ya pazia.

"Mchukueni binti yangu," Baba akasema. "Hakuna karani Matrah nzima anayemshinda Kiingereza. Nimemsomesha mwenyewe."

Nilichungulia. Alikuwa amenyoosha shingo, uso umemng'aa kwa fahari.

Serikali ikitaka mtu, ami na mume wangu hawakuwa na ubavu wa kukataa. Asubuhi ya kwanza, navaa viatu mlangoni, nikasikia sauti ya Baba kutoka juu.

"Mwanangu! Uwasomeshe vizuri wenzako!"

Nilimsikia vizuri. Nilimaliza kuvaa viatu nikatoka, sikumwitikia. Alipokufa, miezi michache baadaye, nilikuwa bado sijamwitikia.