Saruji Kwenye Dohani ya Mama

Mume wangu ni fundi wa mawe. Wenzake wanamwita Timazi kwa sababu kuta zake hazipindi. Naye hapindi, hilo niulizeni mimi.

Tunaishi kwa mama yake, nyumba ya mawe ambayo dohani yake ya kutolea moshi inapanda kwenye ukuta wa chumba cha mama. Miaka sita iliyopita chokaa iliyoshika mawe ya dohani ilianza kupukutika. Timazi akapanda na saruji. Mzee aliyemfundisha kazi alishamwonya: mawe yaliyojengwa kwa chokaa huzibwa kwa chokaa, ukuta upate kupumua. Lakini kwa mama yake alitaka kitu cha kudumu. Alipomaliza, akawa analeta watu kuitazama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu lililovunjika halikuwa lake.

Mwaka huu doa la maji lilitokea juu ya kitanda cha mama, likashuka, likaota ukungu. Nikamwambia mume wangu maji yanatoka kwenye dohani. Akasema ni bati. Akabadilisha bati, doa likazidi. Akasema ni mvua. Nikamuuliza kama mvua ina ugomvi na mama yake peke yake, akaninunia siku mbili. Daktari alikuwa ameshasema kifua cha mama hakitaki unyevu, na mama hataki kuhama chumba chake. Niliogopa kweli kweli.

Hatimaye Jumamosi alipanda na patasi, nami nikamshikia ngazi. Saruji ilibanduka vipande vizima. Nyuma yake mawe yalikuwa yanatoka jasho, na chokaa ya zamani imekuwa tope. Maji yalikuwa yakiingia kwenye nyufa nyembamba za saruji, yakakosa pa kutokea, yakaelekea ndani kwa mama. Timazi alibandua mpaka adhuhuri, akashuka, akaenda moja kwa moja kuketi kitandani kwa mama yake.

"Mama, si bati wala mvua. Ni saruji yangu."

"Najua, mwanangu."

"Umejua tangu lini?"

"Mwaka wa pili tu. Ukuta ulianza kulowa hapo nyuma ya kabati."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na ulivyokuwa unaionea fahari?"

Hapo kikohozi kikamshika. Akavuta mto upesi, akaukandamiza mdomoni, akakohoa humo kimya kimya, mabega yakiruka. Alifanya kwa wepesi wa mtu aliyezoea. Mimi ninalala chumba cha pili, na nilidhani anakohoa mara moja moja.

Timazi aliushika ule mto, akautoa taratibu mikononi mwa mama.

"Kohoa, mama," akasema. "Kohoa nikusikie."