Bi Mashuka Achelewa Kumwita Mdogo Wake

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Mashuka, na jina lilimkaa sawasawa, maana kwa miaka kumi na tisa hakuna shuka lililotoka mle kwenda wodini kabla yeye hajalikunjua mbele ya dirisha na kulitazama kama lina doa. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kutoa, na wenzake wangeapa kuwa hajui kumwonea mtu kijicho. Ila hao wenzake hawakuwahi kumwona akiwa kwa mama yake siku ambayo mdogo wake amekuja.

Mdogo wake alikuwa mkaguzi wa majengo katika ofisi ya mji. Walizaliwa wawili tu, wamepishana miaka sita. Baba yao alipofariki, mkubwa aliacha shule akaingia kwenye mvuke na pasi za hospitali, mdogo akaendelea na masomo. Hakuna aliyemlazimisha. Alijitolea mwenyewe, kwa moyo mweupe. Roho ilianza kumuuma baadaye, kidogo kidogo, kila mama yao alipowaambia wageni, "Huyu wangu mdogo akisema nyumba isimame, inasimama. Akisema ibomolewe, inabomolewa." Mgeni, kwa adabu tu, angeuliza, "Na huyu mkubwa?" Mama angejibu, "Huyu yuko hospitali," akanyamaza, utadhani mkubwa kalazwa.

Basi Bi Mashuka alipopata kiwanja chake, nyuma ya soko la mbao, alikaa na habari hiyo wiki mbili, akiionja peke yake. Alikuja kuitoa Jumapili moja mezani kwa mama.

Mdogo wake aliweka kijiko chini. "Umeshanunua, dada, au ndiyo unataka?"

"Nimeshanunua."

"Ungeniita kwanza tukaitazame ardhi, tukawaulize majirani palikuwa na nini zamani. Haidhuru. Ila usichimbe msingi bila kuniambia. Na mitaro ikishachimbwa, zege lisimwagwe mpaka mtu wa ofisini aione. Likishamwagwa, hata mimi siwezi kujua kuna nini chini."

"Nitakuita wakati ukifika," alisema Bi Mashuka.

"Wakati wenyewe ndio huu, dada."

Mama akaingilia kati, uso umemng'aa. "Unaiona bahati yako? Watu wanapanga foleni wampate mtu kama huyu, wewe umezaliwa naye."

Hapo ndipo mama alipoharibu. Bi Mashuka alitafuna polepole, na kila alipotafuna aliiona nyumba yake, hiyo ambayo bado haijawa hata shimo, ikipokonywa. Aliwaona wageni wakiingia sebuleni, na mama akiwaonyesha kuta: hii aliisimamia binti yangu mdogo. Alijiapia moyoni kuwa nyumba hii itasimama bila mkono wa mkaguzi yeyote wa ukoo wake.

Alipata mwashi mzuri. Watu walimwita Kimya, kwa sababu hakuwa akinyamaza. Kimya alikuwa na mwiko mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, lakini kazi aliijua, na hakuwa mtu wa kuficha mambo. Mitaro ya msingi ilipokwisha, nondo zikafungwa, akaja na karatasi ya kibali cha ujenzi mkononi.

"Dada, hapa ofisi imeandika tuwaite kabla ya kumwaga zege. Tena huku pembeni, upande wa chumba cha nyuma, udongo siuamini sana. Umekuwa laini kama unga. Mkaguzi angekuja akauona."

"Nimeshawaambia. Wamesema tuendelee."

Uongo huo ulimtoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe. Kimya alikuna kidevu, akazungumzia udongo laini aliowahi kukutana nao katika maisha yake, mmoja baada ya mwingine, kisha akamwaga zege. Bi Mashuka alisimama pale akitazama rangi ya kijivu ikifunika kila kitu. Alijisikia mshindi.

Miezi ilienda. Kuta zilipanda, linta zikakaa juu ya madirisha. Mdogo wake alipouliza, alimjibu, "Bado tunasombasomba mchanga." Kwa mama alisema hivyo hivyo, maana kumwambia mama ni kumwambia mkaguzi.

Ufa ulianza baada ya mvua za kwanza. Ulitoka kwenye pembe ya dirisha la chumba cha nyuma ukashuka kwa kukingama, mwembamba kama uzi. Kimya aliuziba kwa plasta, wiki iliyofuata ukarudi, umenenepa. Akauziba tena. Uliporudi mara ya tatu Kimya hakuwa na la kusema. Hilo peke yake lilimtia Bi Mashuka baridi.

Siku ya pili yake, mchana, alikuwa amesimama ndani ya choo kisicho na paa akipima pa kuweka beseni, ndipo aliposikia sauti anayoijua. Viwanja vitatu mbele, jirani alikuwa anataka kumwaga zege la msingi wake, na aliyekuja kuukagua alikuwa mdogo wake. Bi Mashuka alichungulia kupitia tundu la dirisha. Alimwona kavaa buti na kofia ngumu, kainama juu ya mtaro, anapima nafasi za nondo kwa futi. Wanaume watano walikuwa wamemzunguka kimya kama wanafunzi. Aliposema kitu, wawili walishuka shimoni mbio wakaanza kufunga upya. Jirani alikuwa akiitikia, "Sawa, mhandisi. Ndiyo, mhandisi."

Wivu ulimpanda mpaka masikio yakapata moto. Hakuuonea wivu ule mshahara wala ile kofia. Alionea wivu jinsi wale watu walivyongoja amalize kufikiri. Yeye, katika maisha yake yote, hakuna mtu aliyewahi kumngoja afikiri.

Alichuchumaa chini ya dirisha ili asionekane. Angefaulu, kama si Kimya.

"Mkaguzi," Kimya aliita kutoka juu ya jukwaa, "ukimaliza hapo pita na huku. Tuna ufa unatusumbua. Mwenyewe yupo, yuko chooni."

Mdogo wake akaja. Alimkuta dada yake amechuchumaa kwenye kona ya choo kisicho na mlango.

"Dada," alisema. "Huu ndio mchanga mnaousomba."

Bi Mashuka alisimama akajikung'uta gauni.

Mdogo wake hakusema neno jingine la kuchoma. Aliingia chumba cha nyuma, akapitisha kidole kwenye ufa, akatoka nje akatazama pembe ya ukuta kwa timazi. Kisha akauliza, bila kuinua sauti, "Mtaro huu nani aliuona kabla ya zege?"

"Mimi," alisema Kimya. "Na ofisi mlisema tuendelee."

Mdogo mtu alimgeukia mkubwa. Bi Mashuka alitazama viatu vyake. Ilikuwa wazi sasa kwa wote watatu.

Kimya alichimba kando ya msingi, upande wa nje. Futi mbili chini jembe lilitoa jivu, kisha makopo, kisha matambara na mifuko iliyooza. Zamani kabla ya viwanja kugawiwa, watu wa soko la mbao walikuwa wakitupa takataka zao hapo, na shimo lilifukiwa juu juu. Pembe nzima ya nyumba ilikuwa imekalia uchafu.

"Kama mngetuita mtaro ukiwa wazi," mdogo alisema, "ingekuwa kazi ya siku mbili. Mngechimba mkapita taka mkafika udongo mgumu. Sasa pembe hii lazima ibomolewe, mchimbe, mmwage upya. Na kabla ya kupaua mtaita tena."

"Wewe ndiye utakayekuja," alisema Bi Mashuka kwa uchungu, "ili mama apate la kusema."

"Mimi siruhusiwi. Wewe ni ndugu yangu, siwezi kuweka sahihi kwenye nyumba yako. Angekuja mwenzangu wa ofisini tu, mzee mmoja wa miwani."

Bi Mashuka alikaa juu ya rundo la tofali. Miezi yote ile alikuwa akimzuia mlangoni mtu ambaye hata asingeingia. Maneno yakamtoka yenyewe. "Nilikuonea wivu. Sikutaka uiguse. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu mwenyewe."

Mdogo wake alivua kofia akakaa kando yake.

"Unajua mimi nakaa wapi," alisema. "Chumba kimoja, naazima jiko la mwenye nyumba. Nimekagua nyumba za watu mpaka nimesahau hesabu. Uliposema umenunua kiwanja, siku ile sikulala vizuri. Nilijiambia, dada amenipita. Nikasema basi angalau nije niuone msingi wake ukianza. Ukaninyima na hilo."

Bi Mashuka alimtazama. Ilimchukua muda kuamini kuwa kuna mtu duniani anayeweza kumwonea wivu yeye.

Pembe ilibomolewa. Kimya alichimba hadi kifuani, akitoa hadithi moja kwa kila ndoo ya taka. Mzee wa miwani alikuja mara ya kwanza mtaro ukiwa wazi, akaja tena kabla ya kupaua, na mara zote mbili Bi Mashuka mwenyewe alimpigia simu siku tatu kabla. Mzee alimuuliza maswali mengi, na kila alipouliza alingoja ajibu. Kazi ilichelewa kwa miezi mitatu.

Nyumba ilipokwisha Bi Mashuka alihamia, na mama akahamia naye. Mwezi uliofuata mdogo naye akaja na sanduku lake, akapewa chumba cha nyuma, kile kile. Hazikupita siku nyingi mama akaanza kuwaonyesha wageni ile pembe na kusema iliokolewa na binti yake mdogo. Roho ya Bi Mashuka iliuma palepale pa zamani. Alijikaza, akawaongezea wageni chai.

Jioni moja alikuwa akipita na sinia, akawasikia mama na mdogo wake wakicheka mle chumbani, kicheko cha watu wawili wasiohitaji wa tatu. Alisimama ukumbini. Angeweza kurudi jikoni, kama alivyokuwa akirudi siku zote. Aliusukuma mlango kwa mguu.

"Sogeeni," alisema. "Na mnachekea nini, mnieleze toka mwanzo."