Ngolo Nilizofukia Mbinga

Mbamba Bay, Jumatatu asubuhi. Dada yangu Skola alinipigia simu kutoka Mbinga mjini, sauti imemkauka. "Kaka, mvua imeshusha ua wetu. Udongo umeangukia nyumba ya jirani. Mama Hyera amefariki." Nikakaa chini palepale. Mimi ni fundi ujenzi, na ua ule niliusawazisha mwenyewe.

Kutoka Ziwa Nyasa lami inapanda kona baada ya kona. Zamani milima hii ilijaa ngolo, yale mashimo ya sisi Wamatengo yanayokamata maji ya mvua yasibebe udongo. Sasa ukikaribia mji ni viwanja, mabati na udongo mwekundu uliochunwa. Watu wanaongezeka, wakaishi wapi? Ndivyo nilivyomwambia Skola mwaka jana. "Tufukie mashimo haya ya uani kwako bwana, huu ni mji, si shamba la kahawa kijijini Maguu!" Mjuaji mkubwa mimi.

Mbinga, saa nane mchana. Skola alinipokea bila kunitazama. "Wanauliza nani alifukia. Nimenyamaza."

Tulishuka msibani. Mzee Hyera, mume wa marehemu, alikuwa amekaa na wazee wenzake.

"Shikamoo, Baba. Poleni sana."

"Marahaba."

"Baba, ngolo nilizifukia mimi. Skola alikataa, nikamcheka."

Wazee wote wakanigeukia. Niliogopa, sifichi.

"Umezaliwa wapi?" Mzee Hyera akauliza.

"Maguu."

"Basi ulijua."

Nilijua.

Jumatano, siku moja baada ya mazishi, mawingu yalirudi. Mzee Hyera akapanda kwenye ua wa Skola na mundu wake. Kwetu, ngolo zikitengenezwa, mwanamume hukata nyasi na kuzilaza miraba miraba. Mwanamke huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Mzee alilaza nyasi zake zote, kisha akageuka nyuma, kama mtu anayesubiri mwenzake. Mungu wangu! Nikachukua jembe.

"Hiyo ni kazi ya mke wangu," akasema.

"Najua, Baba."

"Basi ifanye."

Nikachimba mpaka viganja vikachubuka. Hakunisamehe, wala sikumwomba.

Alhamisi nilirudi ziwani. Hata huku nyumba zimeanza kupanda vilima. Wiki iliyofuata mteja mmoja alinionyesha kiwanja chake mlimani, akitaka nikisawazishe haraka kabla mvua haijarudi. Zamani ningeuliza mchanga uko wapi. Safari hii nilimuuliza, "Chini yako anaishi nani?"